Biblia ya Union yenye itifaki, maandishi makubwa: miezi tisa mezani kwetu

Bwana asifiwe wapendwa, na ambao sio wapendwa karibuni pia, naongelea kitu nilichonunua kwa hela yangu, hakuna aliyenituma wala sijapewa ofa. Kuna dada aliniuliza juzi kati ya Biblia kubwa ile yenye itifaki (orodha ya maneno nyuma) na kutumia tu simu bora nini kwa ajili ya ibada ya familia, nikaanza kumjibu kwa meseji nikaona inakuwa ndefu mno bora niandike vizuri na wengine wasome.

Nianze na sababu ya kununua maana sio kwamba hatukuwa na Biblia, nyumba ya watu wa kanisa Biblia hazikosekani, tulikuwa nazo nne. Moja ya harusi ile nyeupe imekaa kabatini kama vyombo vya wageni, moja ya baba watoto ndogo ya mfukoni, moja ya kwangu imechanika nusu ya Mwanzo nimebaki naanzia Yakobo anatoroka, na moja ya mtoto wa kwanza ya shule. Tatizo lilikuja mama mkwe alivyohamia kwetu mwaka jana baada ya kuumwa miguu. Mama ni Mluteri wa zamani, ibada ya asubuhi na jioni kwake ni kama kupiga mswaki, na sisi kusema ukweli ibada ya nyumbani tulikuwa tunaikumbuka tukiwa na shida. Siku ya kwanza tu jioni kakaa kwenye kochi kasubiri, sisi tunaangalia taarifa ya habari, yeye kimya, taarifa ikaisha ikaanza tamthilia, akauliza kwa upole tu, "Hapa mnasomaga saa ngapi?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Basi tukaanza kusoma, tukampa ile ya harusi, hakuona kitu. Maandishi madogo mno na macho yake yanahitaji miwani ambayo nayo aliiacha Moshi. Akawa anasikiliza tu. Na mama kusoma kwake ni kitu anachojivunia, maana alijifunzia ukubwani kwenye kisomo cha miaka ya 70 ile ya elimu ya watu wazima, anasema walikuwa wanakaa chini ya mti na mtoto mgongoni. Kumnyima kusoma ni kama kumwambia amezeeka. Ndo nikaingia Kariakoo kutafuta yenye herufi kubwa.

Duka lenyewe silitaji maana kuna kitu kilinikera, nitakisema huko mbele. Nililipa elfu arobaini na tano baada ya kubembelezana, mwanzo alisema hamsini na tano. Ni Union Version, vitabu 66, ina marejeo (mistari mingine ya kulinganisha) katikati ya safu mbili na nyuma kabisa ina itifaki. Kwa wasiojua, itifaki ni orodha ya maneno kwa alfabeti, unatafuta neno mfano "hekima" inakupa mistari lilipo. Sio kila neno liko na sio kila mstari umetajwa, ingekuwa hivo kitabu kingebebwa na mkokoteni. Na kuna ujanja, lazima utafute mzizi, mimi nilikaa dakika kumi natafuta "wapendeni" kwenye W sijaona, binti yangu akaniambia mama si uende kwenye P.

MAANDISHI. Hapa naipa tano ya tano. Mama anasoma bila miwani mchana, na usiku umeme ukikatika anasoma kwa ile taa ya sola ya mezani. Wino umekolea, mistari haijabanana. Namba za sura ni kubwa ila namba za mistari ni ndogo zimejificha, mtoto wa darasa la pili huwa anapotea hapo.

KARATASI. Hapa naipa tatu. Ni nyembamba kama ya kusokotea sigara (baba watoto ndo kasema hivo sio mimi). Ukipiga hailaita ya maji inatokea upande wa pili, niliharibu Zaburi ya 23 ikachora na ya 22, sasa hivi tunatumia penseli za rangi za watoto na inakaa vizuri kabisa. Kufunua kunahitaji subira, kurasa zinashikana wakati ikiwa mpya, usilambe kidole jamani zinachanika.

KAVA. Ilikuja na kava gumu, ya zipu ilikuwa bei nyingine, nikaenda kushonesha kwa fundi mtaani. Usifanye kosa langu, zipu imekufa ndani ya miezi miwili na sasa imebaki mdomo wazi kama begi la mwanafunzi.

Sasa nije kwenye kilichonikera dukani. Nilimuuliza muuzaji tofauti ya Union na Habari Njema, tafsiri nyingine ya Kiswahili, akanijibu kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba Habari Njema ni ya watoto na watu wasiojua Kiswahili. Sio kweli na sio vizuri mtu anayeuza neno la Mungu kuongea hivo. Union ilitoka 1952 nzima, na jina lenyewe ni kwa sababu iliunganisha njia mbili, kulikuwa na Biblia ya Kiunguja iliyotokana na kazi ya Askofu Steere na wenzake kule Zanzibar, ikakamilika 1891, na ya Kimvita ya Mombasa ya 1914, kwahiyo wakakaa wakatoa moja ya kutumika pwani na bara. Habari Njema imekuja baadaye sana miaka ya 90 kwa Kiswahili cha siku hizi, na ilifanywa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, hata kuna toleo lenye vile vitabu vya akina Tobiti na Yoshua bin Sira ambavyo Wakatoliki wanavyo kwenye Biblia yao. Jirani yangu Mkatoliki alikuja jioni moja tukamkaribisha kwenye ibada akasema tusome Tobiti, tukatafuta mpaka basi, kwenye hii haimo. Kama nyumba yenu ni mchanganyiko mlifikirie hilo kabla hamjatoa hela.

Tukirudi kwenye kusoma. Wengi mtasema si kuna apu ya Biblia ya bure, ina Union, ina Habari Njema, ina na sauti ya kusomewa. Ninayo, baba watoto anayo, binti mkubwa anayo kwenye simu ya bibi yake. Tulijaribu wiki tatu. Wiki tatu hizo tukawa watu watano kila mtu kainamia mwanga wake, unasikia "tusome Warumi 12" unaona mtu anatabasamu, Warumi 12 ina nini cha kutabasamu? Kumbe kaona meseji. Siku ya Simba na Yanga nisiisemee, baba watoto alishangilia katikati ya maombi akasingizia Roho. Simu ni ya mtu mmoja, kitabu kikifunguliwa mezani ni cha wote, mnasogeleana, wa mwisho anapanda mapajani kwa mtu. Kabla ya hapo nilikuwa naisoma Zaburi 128 kama maneno mazuri ya kwenye kadi za harusi tu, "Wanao kama miche ya mizeituni wakiizunguka meza yako", sasa nawaona wameizunguka na pua zao zinachuruzika, wanagombania nani akae upande wa taa.

Alafu kuna kitu sikukitegemea. Tulipoanza tulikuwa na mpango wa kumaliza Biblia nzima kwa mwaka, binti akapiga hesabu, sura 1,189 gawa kwa siku 365 ni kama sura tatu na kidogo kwa siku. Tukaenda na moto mwezi wa kwanza, Mwanzo ikaisha, Kutoka ikaisha, tukafika Walawi tukafia hapo kama watu wote. Tatizo jingine ni kwamba mama akipewa zamu yake ya kusoma anasoma polepole, kidole kwenye mstari, neno kwa neno, akifika kwenye neno gumu anarudi nyuma anaanza upya. Sura moja dakika ishirini. Watoto wanalala. Mimi moyoni nilikuwa nakereka nasema tutamaliza lini jamani, siwafichi.

Ila yule mama ndo katufundisha kusoma. Maana ukisoma kwa spidi ya mama unasikia kila neno, na maneno ya Union mengi hatuyajui tulikuwa tunayaruka tu kwa mazoea. Mfano Mithali 1:7, "Kumcha BWANA ni chanzo cha maarifa." Wa mwisho ana miaka sita akaangalia vidole vyake akauliza, "Bibi, kucha za Bwana?" Tukacheka, baba yake akamwambia kumcha ni kumuogopa. Mama akasema hapana. Akamuuliza mtoto, unaogopa nyoka? Ndio. Ukimuona unafanyaje? Nakimbia. Na babu akija unafanyaje? Mtoto akasema nasimama nampa kiti afu namshikamoo. Mama akasema, haya, unayemcha humkimbii. Basi, maelezo yakaishia hapo, akarudisha kidole chake mstari wa nane akaendelea kusoma.

Mimi nimekulia kwenye ulokole nimesikia mahubiri ya kumcha Mungu mamia na sijawahi kufundishwa hivo kwa sekunde kumi na tano. Na toka siku hiyo hata jinsi tunavyokaa kwenye ibada ilibadilika bila mtu kutoa amri. TV inazimwa kabisa sio kupunguzwa sauti. Kikombe hakiwekwi juu ya Biblia. Wa katikati alikuwa anasoma amelala chali miguu ukutani, siku hizi anakaa, na hakuna aliyempiga.

Maneno mengine yanachekesha tu. Mithali 31 ile ya mke mwema "kima chake chapita kima cha marijani", watoto waliposikia kima walianguka chini, mama ana kima! ana nyani! ikabidi nieleze kima hapa ni thamani, bei. Sasa hivi nikitoka saluni baba watoto ananiambia leo kima kimepanda.

Lakini iliyotugusa zaidi ni ile ya Waefeso, na hii nimeruhusiwa kuisimulia. Baba watoto ni mtu mzuri ila ana mistari yake anayoipenda kama wanaume wote waliookoka, na namba moja ni Waefeso 5:22, "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Hiyo anaijua kwa kichwa toka kabla ya kunioa. Tukigombana kidogo hela ya kikoba, 22. Nikichelewa kurudi kwenye kwaya, 22. Nilikuwa nimeshamwambia siku moja utaniita Ishirini na Mbili badala ya jina langu.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yake kuchagua, akachagua hapo hapo maana mchana tulikuwa tumepishana kuhusu ada. Ila msomaji ni mama. Akatuambia tusubiri atafute, kidole kikashuka, kikasimama, akaanza, "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo."

Baba watoto akasema mama anzia 22.

Mama akasema mwanangu nimeshaanza.

Akarudia tena huo wa 21 toka mwanzo, polepole, hali, mnanyenyekeana, katika kicho, cha Kristo. Afu akaendelea 22, hakusimama, 23, 24, akafika 25 "Enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake", na kuanzia hapo hesabuni wenyewe waume wameambiwa mistari mingapi. Sisi wake tumepewa mitatu. Binti yangu akauliza sasa mnanyenyekeana si ni wote wawili? Kiswahili kina hiyo "-ana" yake, kupendana kusaidiana kunyenyekeana, huwezi kufanya peke yako. Kimya. Jamani kile kimya. Tukaenda kwenye itifaki kutafuta "kicho" na "nyenyekea" tukakaa hapo mpaka saa nne, na kwenye sura ya sita baba watoto akakutana na ya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Hakuna aliyemrushia neno. Na mimi sikucheka, nilitamani ila sikucheka, maana mstari wa 33 nao ulikuwa unanisubiri, "wala mke asikose kumstahi mumewe", kustahi na mimi na mdomo wangu huu mbele ya mashemeji, nilijijua.

Ya pili ni 1 Petro 3:7. Hii naomba kila mwanaume anayesoma hapa asikie maana imegeuzwa methali ya kijiweni. MC kwenye sendofu anaisema, dereva wa bodaboda anaisema, "Biblia yenyewe imesema wanawake ishi nao kwa akili", maana yake ficha mshahara, jibu nusu, usimuamini. Nenda kasome. "Kadhalika ninyi waume, kaeni na wake zenu kwa akili, na kumpa mke heshima..." Heshima ipo hapo hapo kwenye sentensi hiyo hiyo, hamuifikishagi! Afu "kama warithi pamoja wa neema ya uzima", warithi pamoja, mirathi moja. Afu mwisho kabisa, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Tulivyopeleka kwenye Habari Njema (tulinunua moja baadaye ndogo kwa ajili ya watoto, na hapa muuzaji wangu angeaibika) pale inaongelea waume kutambua kwamba wake zao ni dhaifu, wawatendee kwa heshima. Akili ya kumjua mtu, sio akili ya kumzunguka. Hizi mbili mkizisoma pamoja ndo raha yake, Union inakusimamisha kwenye neno, Habari Njema inakutoa pale uliposimama.

Baada ya wiki kama mbili tukawa tumenuniana tena, jambo dogo, nisimalize muda wenu. Saa mbili usiku watoto wamekaa, mama amekaa, Biblia iko wazi. Baba watoto akaikunja. Akasema ngojeni tusisome kwanza, mama watoto naomba uje jikoni. Nikajua yameanza. Jikoni akasimama karibu na ndoo ya maji anachezea kifuniko, akasema, "Siwezi kuomba." Nikamuuliza kwanini. Akasema kwani hukusoma pale, kuomba kwenu kusizuiliwe. Akaniomba msamaha, sio ule wa "basi yaishe", ule wa kutaja kosa kwa jina lake. Na mimi nikataja la kwangu. Tuliporudi mama alikuwa ameshawaimbisha watoto nyimbo mbili na chai yangu imepoa.

Sitaki kuwadanganya kwamba nyumba imekuwa mbinguni. Tunagombana. Wa katikati bado anadanganya kuhusu homuweki. Kuna jioni tumechoka tunasoma mistari miwili tunalala, na wa mwisho zamu yake ikifika anachagua Zaburi ya 117 kila mara, KILA MARA, maana kagundua ndo fupi kuliko zote, mistari miwili tu. Nikamtishia nikasema safari ijayo utasoma ya 119 ina mistari 176, akasema mama mimi namcha Bwana kwa kifupi.

Mpango wa mwaka mzima tuliuacha, kwa ushauri wangu msianze nao kama ndo mnaanza na mna watoto wadogo. Sisi tunafanya hivi, siku za wiki Mithali sura ya tarehe ya siku hiyo, ziko 31 zinaenea mwezi, hatusomi sura yote tunachukua mistari mitano sita. Jumamosi tunachukua neno moja gumu tulilokutana nalo kwenye wiki tunaliwinda kwenye itifaki na marejeo, kila mtu anapewa mstari wake akautafute, hapo ndo watoto wameshika vitabu vyote 66 kwa mpangilio bila kukaririshwa. Jumapili tunachunguza alichohubiri mchungaji, kama wale watu wa Beroya kwenye Matendo 17 ambao waliyachunguza maandiko kila siku waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo. Kuna Jumapili tulichunguza tukakuta mhubiri katoa mstari nusu. Tumekaa kimya, ila binti yangu sasa anaenda kanisani na daftari na hilo kwangu limelipa hiyo elfu arobaini na tano.

Na kuna ile ya Kumbukumbu la Torati 6 ambayo kila semina ya malezi inaitaja, "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Mstari uliotangulia huwa hautajwi, unasema maneno hayo yatakuwa katika moyo wako, wewe mzazi kwanza. Nimeuona kwa sababu ya kidole cha mama tu. Nimekuwa na ugonjwa sasa hivi, mtu akinisomea mstari wowote nachungulia wa juu yake.

Kwahiyo dada yangu uliyeniuliza, jibu ni hili. Kama mna mzee nyumbani au mtu wa macho chukua hii yenye maandishi makubwa hata kama bei inauma. Itifaki sio lazima sana, ila kama watoto wako wameshajua kusoma chukua yenye itifaki, ni tofauti ya kuambiwa na kutafuta mwenyewe. Watoto wadogo waongezee Habari Njema ndogo. Simu baki nayo kwa ajili ya kusomewa ukiwa kwenye daladala au unaosha vyombo, hapo inasaidia kweli sijaikataa. Kagua kurasa kabla hujalipa, funua katikati na mwisho, ya rafiki yangu ilikuja na kurasa za Ezekieli zimerudiwa mara mbili na Danieli haipo. Na uzito, hii haibebeki kwenye pochi, ni ya kukaa mezani, mimi ya kwenda nayo kanisani ni ile ile yangu inayoanzia Yakobo anatoroka.

Nyota naipa nne kati ya tano. Moja nimekata kwa karatasi na namba za mistari. Mama nilimuuliza yeye angeipa ngapi akasema Biblia haipewi alama, nikamwambia sio maneno mama ni kitabu chenyewe, karatasi na kava, akaigeuza geuza akapitisha mkono juu akasema basi mpe zipu sifuri.

Mwenye namba ya fundi wa mabegi mzuri pande za Kimara kuelekea Mbezi anitumie inboksi, na awe na zipu ya chuma, hizi za plastiki sitaki tena.